Ujumbe mmoja, vizuizi vitatu: kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya mezani iliyoachwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kwa siku moja kompyuta nyingi za mezani zisizo na ubovu wowote zikahesabiwa kuwa zimezeeka. Zinawaka vizuri, zinachapisha, zinacheza video, zinafanya hesabu za ofisi bila kulalamika. Lakini ukijaribu kuzipandisha kwenda Windows 11 unajibiwa kwamba kompyuta hii haikidhi vigezo. Wenye iMac za zamani nao wanalijua jibu hilo kwa sura nyingine: kisakinishi cha macOS kinasema toleo hili haliwezi kuwekwa hapa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jibu hilo fupi linaficha mambo matatu yasiyofanana. Huenda mfumo mpya ungefanya kazi bila tatizo, ila kisakinishi kimeagizwa kukukatalia. Huenda mfumo ungewaka, lakini hauna tena draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, za kadi ya michoro au ya Wi-Fi uliyonayo. Au huenda prosesa yenyewe haizijui baadhi ya amri ambazo mfumo mpya unazitumia, na hapo hakuna ujanja. Ndiyo maana mmoja anaapa kwamba Windows 11 inakimbia kwenye mashine yake ya 2012, mwingine anaapa kwamba yake imegoma katakata, na wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja amekutana na kizuizi chake. Anayeanza kwa kutafuta mbinu ya kulazimisha kabla ya kujua kizuizi chake ni kipi anabahatisha tu.

Ukaguzi

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikiwa na masharti mepesi na mazito yaliyochanganywa pamoja. Mepesi ni prosesa ya biti 64 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kompyuta nyingi za mwaka 2010 zinayatimiza hayo bila jasho. Mazito ni matatu: bodi mama iwe ya UEFI, programu ya kuwashia iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, yenye uwezo wa Secure Boot, kuwe na TPM toleo la 2.0, na prosesa iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

TPM ni chipu ndogo, au sehemu iliyomo ndani ya prosesa, inayotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. BitLocker, kwa mfano, hukabidhi humo ufunguo wa diski iliyofungwa. Secure Boot ni utaratibu wa kukagua saini ya programu ya kwanza kabisa inayoamka, ili kirusi kisijipenyeze kabla mfumo wenyewe haujashika usukani. Yote mawili yana maana yake. Lakini Windows 11 haiyahitaji ili iwake na kufanya kazi za kila siku. Hapa kisakinishi ni mlinzi wa getini mwenye karatasi ya majina: ndani viti vipo, ila jina lako halimo.

Orodha ya prosesa ndiyo iliyozua manung'uniko mengi, na kwa haki. Kizazi cha saba na cha nane cha Intel ni ndugu wa karibu kiusanifu, ila mmoja yuko ndani na mwingine nje. Kisha, Agosti 2021, Microsoft ikaingiza kwenye orodha prosesa ya kizazi cha saba, Core i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya mezani iliyokuwa ikiuzwa na Microsoft wenyewe. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba mashine za aina hiyo zilikuja na draiva za muundo mpya. Kila mtu anaweza kuamua ayaamini kwa kiasi gani.

Hata hivyo, si haki kusema orodha yote ni hila ya kuuza kompyuta mpya. Windows ina ulinzi unaoitwa Memory Integrity, unaohakikisha kwamba msimbo unaoingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo, umekaguliwa kwanza ndani ya eneo lililotengwa. Prosesa mpya zina sakiti maalumu ya kurahisisha kazi hiyo. Za zamani huiigiza kwa programu, na mashine inapungua kasi. Kwa hiyo hoja ya usalama ina msingi. Tatizo ni kwamba mstari wa orodha haufuati mstari wa sakiti. Kwa upande wa Intel, sakiti hiyo ilianza na kizazi cha saba, ambacho kimeachwa nje. Kwa AMD ilianza na kizazi cha Zen 2, wakati orodha inawapokea hata ndugu zake wakubwa wa Zen+ wasiokuwa nayo.

Microsoft ilitoa pia takwimu: katika kipindi cha majaribio, mashine zisizokidhi vigezo zilianguka kwa makosa ya kerneli asilimia 52 zaidi ya nyingine. Inatisha ukiisoma peke yake. Lakini taarifa hiyohiyo ilisema kwamba zilizokidhi vigezo zilikuwa na asilimia 99.8 ya matumizi yasiyo na anguko. Ukiongeza nusu juu ya masalia madogo kiasi hicho, bado unabaki na kiasi kidogo.

Je, kweli unahitaji kuupiga chenga ukaguzi?

Kabla ya ujanja wowote, ingia kwenye mipangilio ya bodi mama. Kompyuta nyingi zilizokataliwa, hasa zile zilizounganishwa kwa vipande na fundi au na mwenyewe, zina TPM iliyozimwa tangu kiwandani. Kwenye bodi za Intel itafute kwa jina la PTT, kwenye za AMD kwa jina la fTPM. Ukishaiwasha, rudi ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na dirisha litakuonyesha kama ipo na ni toleo gani. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, simamisha ulinzi huo kwanza na uhifadhi ufunguo wa dharura nje ya kompyuta. Mabadiliko ya TPM yanaweza kuifanya mashine ikuombe ufunguo huo inapowaka, na asiyeuona ndiye anayepoteza mafaili.

Secure Boot ina mtego wake. Mashine iliyosakinishwa zamani huenda inawaka kwa njia ya kizamani, diski yake ikiwa imegawanywa kwa mtindo wa MBR. Ukizima tu njia hiyo ya kizamani, ambayo kwenye menyu huitwa CSM, kompyuta haitaona pa kuwakia. Mpangilio sahihi ni kugeuza diski kwanza iwe ya mtindo mpya, GPT, kisha ndipo ubadilishe bodi. Tangu 2017 Windows 10 ina chombo cha kazi hiyo kiitwacho mbr2gpt: unafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS ili kikague bila kugusa kitu, na kikiridhika unarudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Kinadai diski isiwe na sehemu kuu zaidi ya tatu. Hakifuti mafaili yako, lakini asiye na nakala rudufu asithubutu kukigusa.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo mengi yanalipita juu juu. Kadi za michoro za zamani, kwa kukadiria zile za kabla ya 2012, mara nyingi hazina ndani yake programu ya kuonyesha picha kwa njia ya UEFI. Ukizima CSM kwenye mashine yenye kadi kama hiyo, skrini inabaki nyeusi tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia, na mtu anadhani ameua bodi. Hajaiua. Chomoa kadi na utumie tundu la skrini la bodi yenyewe kama lipo, au rudisha mipangilio ya kiwandani kwa kutoa betri ndogo ya bodi.

Baada ya yote hayo, huenda kilichobaki ni orodha ya prosesa peke yake, au TPM ya toleo la 1.2 isiyoweza kupandishwa. Hapo ndipo chenga inapokuwa na maana, na kwa Windows ni kazi nyepesi kuliko inavyosifiwa. Njia ya kwanza iliwahi kuelezwa na Microsoft wenyewe: ndani ya rejista ya Windows, ghala la mipangilio ya mfumo, kwenye HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup, unaongeza thamani ya DWORD iitwayo AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU na kuipa 1. Kisakinishi kikiendeshwa kutoka ndani ya Windows kitavumilia prosesa isiyo kwenye orodha, ili mradi kuna TPM ya angalau 1.2. Njia ya pili ni ya kusakinisha upya kutoka kwenye flashi, ambako thamani za BypassTPMCheck, BypassSecureBootCheck na BypassRAMCheck huwekwa chini ya HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig. Siku hizi watu wachache huziandika kwa mkono. Rufus, programu ya bure ya kutengenezea flashi za kusakinishia, huzipachika yenyewe ukiweka alama kwenye kisanduku kimoja. Leseni ya Windows 10 iliyosajiliwa kwenye mashine hiyo hukubaliwa na Windows 11, kwa hiyo huhitaji kununua nyingine.

Draiva zilizoondolewa

Kwenye Mac, ukaguzi ni sehemu ndogo ya hadithi. Kisakinishi cha macOS kinasoma jina la modeli na kulilinganisha na orodha, na hilo linakwepeka kirahisi. Kazi kubwa inaanza ukishaingia ndani, kwa sababu Apple inapoacha modeli fulani huondoa na draiva zake. Unaweza kupata mfumo unaowaka lakini hauna kasi ya picha, hauna Wi-Fi, na pengine hausikii hata kibodi.

OpenCore Legacy Patcher, inayotengenezwa na kikundi kiitwacho Dortania tangu kipindi cha macOS Big Sur, inafanya kazi mbili tofauti ambazo inafaa kuzitenganisha kichwani. Ya kwanza hutokea kabla mfumo haujaamka: OpenCore inakaa katikati ya bodi na macOS, inarekebisha maelezo ya mashine na kuingiza viraka kwenye kumbukumbu bila kuandika chochote kwenye mfumo. Ya pili hutokea baada ya kusakinisha: inarudisha draiva zilizofutwa kwa kuzichukua kutoka matoleo ya nyuma na kuzipachika ndani ya mfumo wenyewe. Kazi ya kwanza ni safi. Ya pili ndiyo yenye gharama. Tangu Big Sur ya 2020, sehemu ya mfumo wa macOS imefungwa kwa muhuri wa kidijitali, na ukipachika draiva humo unauvunja muhuri huo. Ulinzi mwingine, SIP, unaozuia mafaili ya mfumo yasibadilishwe, nao unapaswa kulegezwa.

Kiasi cha maumivu kinategemea kadi ya michoro kuliko umri wa mashine. Tangu Mojave ya 2018 macOS inataka kadi inayoelewa Metal, lugha ya michoro ya Apple. iMac za 2009 hadi 2011 zilitoka kiwandani na kadi zisizoijua. Zinaweza kulazimishwa kuonyesha picha, lakini kila dirisha linachorwa kwa kuungaunga, na programu zinazodai Metal hazifunguki. Kwa maoni yangu, mashine hizo zisilazimishwe. Kuna njia bora nitakayoifikia. iMac za kuanzia mwishoni mwa 2012 zina kadi zinazoijua Metal, na hapo mambo yanabadilika kabisa. iMac ya inchi 27 ya 2013, ambayo Apple iliishia nayo kwenye Catalina, inaweza kubeba matoleo ya baadaye na kufanya kazi za kawaida kwa heshima. Mac Pro za 2010 na 2012 zina bahati zaidi kwa sababu kadi inachomolewa. Apple wenyewe walipotoa Mojave walitaja kadi kama Sapphire Radeon RX 580 kuwa zinafaa humo, na kadi hiyohiyo inaendelea kusaidia matoleo yaliyofuata.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyokwamisha watu wazima na akili zao. Ventura ya 2022 iliondoa draiva za vidhibiti vya USB 1.1, ambavyo kwenye iMac na Mac Pro za zamani ndivyo vinavyobeba kibodi na kipanya. Kisakinishi kinafika kwenye ukurasa wa kwanza, na wewe huwezi kubofya chochote. Dawa yake ni kitovu cha USB 2.0 cha nje: unachomeka kibodi na kipanya humo hadi draiva zirudishwe. Sonoma ya 2023 nayo iliondoa draiva za kadi za Wi-Fi za Broadcom zilizomo kwenye iMac nyingi. Viraka vinazirudisha, lakini viraka vyenyewe huenda vikahitaji intaneti ili vikamilike. Uwe na waya wa mtandao karibu.

Upande wa Windows tatizo la draiva lipo pia, ila ni dogo, kwa sababu draiva nyingi zilizoandikwa kwa Windows 10 ya biti 64 zinakubalika kwenye Windows 11. Kinachosumbua huwa ni printa kongwe, kadi ya sauti ambayo mtengenezaji wake alishaachana nayo, au kadi ya michoro isiyofikia DirectX 12, teknolojia ya michoro ya Windows.

Amri ambazo prosesa haizijui

Prosesa haielewi programu kwa ujumla wake. Inaelewa orodha ya amri ndogondogo, na kila kizazi kinaongeza chache. Programu ikitumia amri isiyokuwemo, prosesa haijui pa kwenda na kazi inakatika papo hapo. Hakuna thamani ya rejista inayoweza kuipa prosesa sakiti ambayo haikuchongwa ndani yake.

Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, ndilo lililogeuza jambo hili kuwa kizuizi halisi. Linahitaji amri ya POPCNT na kundi la SSE4.2. Intel iliziweka pamoja kuanzia kizazi cha Nehalem cha mwishoni mwa 2008, kwa hiyo Core i5 na i7 za kwanza kabisa zinapita. Core 2 Duo na Core 2 Quad hazipiti. Kwa AMD, prosesa za Phenom zina POPCNT lakini hazina SSE4.2, inabidi kufika kizazi cha Bulldozer cha 2011. Waliokuwa wameiweka Windows 11 kwenye Core 2 Quad kwa furaha walifika toleo lililotangulia, 23H2, na njia ikaishia hapo.

Jambo hili halikuanza na Windows 11. Windows 8 ilidai amri za SSE2 na NX, ulinzi wa kumbukumbu uliomo ndani ya prosesa. Windows 8.1 ya biti 64 ikaongeza amri ya CMPXCHG16b na kuwaacha wengine njiani. Mwaka 2018 hata Windows 7, iliyokwisha kuzeeka, ilipokea sasisho la usalama lililoanza kudai SSE2, na Pentium III zilizokuwa bado hai zikagoma.

Kwenye Mac kisa kinachofanana ni cha AVX2, ambacho kina mwisho wa kuchekesha. Ventura iliandikwa kwa kutegemea AVX2, amri zilizokuja na Haswell, kizazi cha Intel cha 2013. Kwa hiyo iMac ya 2012, na hata Mac Pro ya 2013 yenye umbo la mtungi, zilipaswa kukwama kabisa. Kilichoziokoa ni Rosetta, ile programu inayoziwezesha Mac mpya zenye chipu za Apple kuendesha programu za Intel. Wakati ule Rosetta haikuzijua AVX2, kwa hiyo Apple ilibidi itengeneze seti ya pili ya maktaba za mfumo isiyozitumia amri hizo. Watengenezaji wa OpenCore Legacy Patcher waliichukua seti hiyo na kuipa Mac kongwe. Msaada uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta mpya kabisa ukaziokoa za zamani.

Kujua prosesa yako inajua nini hakuhitaji kukisia. Kwenye Windows, programu ya CPU-Z inaorodhesha amri hizo kwenye ukurasa wake wa kwanza. Kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows au macOS, fungua faili la /proc/cpuinfo. Kwenye Mac, andika sysctl machdep.cpu.leaf7_features kwenye Terminal na utafute AVX2. Fanya hivyo kabla ya kupakua GB nyingi za kisakinishi.

Baada ya kusakinisha

Video nyingi za maelekezo huishia pale mfumo mpya unapowaka, wakati shughuli yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Microsoft inasema waziwazi kwamba kompyuta isiyokidhi vigezo haina haki ya kudai masasisho. Kwa vitendo, masasisho ya usalama ya kila mwezi yamekuwa yakiingia kama kawaida. Kisichokuja chenyewe ni toleo la mwaka, kama kutoka 23H2 kwenda 24H2 au 25H2. Na kila toleo la Home na Pro lina maisha ya miezi 24 tu. 23H2 ilikoma Novemba 2025. Maana yake ni kwamba mwenye mashine iliyopigiwa chenga anapaswa, angalau kila baada ya miaka miwili, kupakua kisakinishi kipya na kurudia ujanja uleule kwa mkono. Asipofanya hivyo atabaki na Windows 11 isiyopata viraka, huku akijidanganya kwamba yuko salama kwa sababu mfumo wake ni mpya.

Mfikirie tena yule mwenye Core 2 Quad. Ameganda kwenye 23H2 isiyohudumiwa. Jirani yake mwenye mashine ileile aliyebaki Windows 10 toleo la 22H2 na kujiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama anaendelea kupata viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa hao wawili, aliyekaa kwenye mfumo wa zamani ndiye aliye salama zaidi.

Kwa wenye Secure Boot iliyowashwa kuna jingine. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyotumika kukagua saini vinaanza kuisha muda Juni 2026, na vipya vya 2023 vinapaswa kuingizwa kwenye bodi. Kompyuta isiyovipata haitazima, lakini itaacha kupokea marekebisho mapya ya ulinzi wa sehemu ya kuwashia. Bodi ambazo mtengenezaji wake haziangalii tena ndizo zilizo kwenye hatari kubwa ya kuvikosa, kwa hiyo kama kuna sasisho la mwisho la programu ya bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, liweke.

Kwenye Mac yenye viraka, zima masasisho ya kujiendesha siku ya kwanza. Sasisho la macOS linaandika upya sehemu ya mfumo na kufuta draiva zote zilizopachikwa, kwa hiyo mara ya kwanza baada yake skrini itakuwa nzito na Wi-Fi haipo mpaka viraka virudishwe. Tena, kwa kuwa muhuri umevunjwa, sasisho dogo haliwezi kuja kama nyongeza ndogo. Unapakua kisakinishi kizima cha zaidi ya GB 10. Subiri watengenezaji wa viraka waseme toleo hilo limekubali. Na ujue mwisho wa barabara ulipo: Apple ilitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ni toleo la mwisho kwa prosesa za Intel. Baada ya hapo hakutakuwa na macOS mpya ya kuwekea viraka.

Nilitaja njia bora kwa iMac ya 2010, na ndiyo hiyohiyo kwa Core 2 Quad: Linux. Kerneli yake haina orodha ya modeli, na draiva za vifaa vingi vya zamani bado zimo ndani yake. Ila nayo usiichukue kwa upofu. Linux ina aina nyingi: Red Hat Enterprise Linux 9 ya 2022 inadai SSE4.2, sawa na Windows 11 24H2, na toleo la 10 la 2025 linadai AVX2, sharti ambalo hata Windows 11 haina. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi cha prosesa za biti 32. Lakini Debian hiyohiyo na Linux Mint bado zinakubali prosesa yoyote ya kawaida ya biti 64, na Core 2 ni mojawapo. Kikwazo ni programu unazozitegemea. Kama kazi yako inaishi ndani ya kivinjari, hamia bila wasiwasi; kama inategemea programu ya Windows au Mac isiyo na mbadala, Linux haitakusaidia hata ikiwaka kwa sekunde kumi.

Kwa mashine ya Intel ya kizazi cha nne hadi cha saba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, mimi ningeipeleka Windows 11 kwa matumizi ya nyumbani na kuweka tarehe ya toleo lijalo kwenye kalenda. Kompyuta ya ofisi inayoshika mafaili ya wateja ni habari nyingine: toleo likikosa viraka humo, hasara inawaangukia watu wasiojua kwamba mashine ilipigiwa chenga.

Popote utakapoelekea, usisakinishe juu ya diski uliyonayo. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya diski ya pili, na SSD ndogo inatosha kwa jaribio. Lakini usiiongeze tu kando ya ile ya zamani: ichomoe ya zamani kabisa, waya wa data na wa umeme, kabla ya kuwasha flashi. Kisakinishi cha Windows kikikuta sehemu ya kuwashia kwenye diski nyingine yoyote iliyochomekwa kinaweza kuandika faili zake humo badala ya kwenye ile uliyoichagua, na siku utakapoiondoa diski ya zamani, mfumo mpya hautawaka.